Ncha ya Pili ya Waya wa Mama Plasta

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, Fundi Mwandamizi wa Kitengo cha Kompyuta atarudisha ufunguo wa Chumba Namba Tisa na kustaafu rasmi, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya usajili kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kwenye orodha ya watumishi ana majina matatu marefu. Sisi wa kitengo, pamoja na wengi wenu mnaosoma jarida hili, tunamjua kwa jina moja tu: Mama Plasta.

Mhariri ameniwekea masharti. Niandike kwa nafsi ya tatu, nichangamshe wasomaji, na nisimalize kurasa zote za jarida. La kuchangamsha nitajitahidi. La nafsi ya tatu nitalivunja nikifika mahali fulani, na ninaomba radhi mapema. Alinikumbusha pia jambo ambalo nilikuwa nalijua: nakala moja ya wasifu wa kila mstaafu hubanwa kwenye faili lake, kisha faili linafungwa. Hilo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Katika faili la Mama Plasta, lenye miaka thelathini na mitatu ya kazi safi, mna barua moja ya onyo. Barua hiyo haikuwa haki yake.

Lakini tuanze mwanzo. Aliingia hapa akiwa mpiga chapa, msichana mwembamba wa miaka ishirini na sita ambaye, kwa masimulizi yake mwenyewe, alipiga chapa haraka kuliko bosi wake alivyoweza kufikiri. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilipewa chumba chake peke yake, zulia, mapazia, na kitambaa cha kufuma cha kujifunika. Watu walivua viatu mlangoni. Ilipogoma kuwaka, fundi aliagizwa kutoka mbali, akachukua siku kumi na moja kufika, akaifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, akaondoka. Mpiga chapa wetu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, na trei ya chai aliyosahau kuitua. Ilipogoma mara ya pili hakungoja siku kumi na moja. Alivua viatu, akaifungua kwa bisibisi ya cherehani ya mama yake, akapuliza. Ikawaka. Mkuu wa ofisi wa wakati huo alishindwa kuamua kama amfukuze kazi au ampeleke masomoni. Bahati nzuri fomu za masomo ndizo zilizokuwa karibu na mkono wake.

Alirudi baada ya miezi tisa akiwa fundi wa kwanza wa ofisi hii, na kwa miaka minne alikuwa fundi wa pekee. Ndipo ilipoanza tabia iliyompa jina. Aliomba stoo wamtafutie vibandiko vya kuandikia nyaya. Bwana stoo akamjibu kwamba waya ni waya. Basi akaliendea sanduku la huduma ya kwanza, akachukua plasta nyeupe, ile ya vidonda, na kuanzia siku hiyo kila waya alioupitisha ukutani aliufunga plasta ncha zote mbili na kuandika kwa kalamu ya buluu. Ncha ya kwanza aliandika ulikotoka: chumba na tarehe. Ncha ya pili aliandika unakokwenda, na hapo hakuandika namba ya meza bali jina la mtu. Hoja yake ilikuwa kwamba meza hailalamiki. Hadi leo ukijikata kidole hapa ofisini utavumilia tu, maana plasta zote zimo ndani ya kuta.

Kuna fundisho moja alilotutwika sote, nasi tukalipokea shingo upande. Mtumiaji, anasema Mama Plasta, hadanganyi. Anasema alichokiona. Ninyi mnaotupigia simu hamjui jinsi maneno hayo yanavyopingwa Chumba Namba Tisa, ambako tunaamini kwa dhati kwamba nyote mnadanganya, hasa mnaposema hamkugusa kitu.

Siku moja karani wa masijala alipiga simu kusema kompyuta yake inanuka samaki. Tulikuwa mafundi watatu chumbani. Mmoja alimuuliza mchana alikula nini. Mwingine alitaka kujua kama ni samaki wabichi au wakavu, ili alete vifaa vinavyofaa. Karani akakata simu. Mama Plasta aliweka kikombe chini, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akainama nyuma ya kabati la masijala na kunusa kama mama anayenusa chungu cha jirani. Soketi ya ukutani ilikuwa imeanza kuyeyuka, na mafaili yaliyoegemea ukuta ule yalikuwa yameshakuwa ya kahawia pembeni. Plastiki ya soketi ikiungua polepole hutoa harufu ya samaki. Hakuna kati yetu aliyelijua hilo, na yeye pia hakulijua. Alipanda ngazi kwa sababu mtu mzima mwenye akili zake alikuwa amesema anasikia harufu ya samaki, basi. Tungeendelea na utani wetu nusu saa nyingine, masijala nzima ingekuwa majivu. Mafaili yetu yote yamo humo hadi leo, na lake pia limo.

Halafu kuna kisa cha kibodi mbili. Wazee wa ofisi wanakijua, lakini wageni hawajakisikia, nacho kinanipeleka ninakotaka kwenda.

Kibodi mbili mpya zisizo na waya, zilizofanana kama mapacha, zilipelekwa siku moja kwa katibu muhtasi na kwa bwana stoo, ambao wanatenganishwa na ukuta wa mbao tu. Fundi mmoja mgeni, aliyekuwa na miezi miwili kazini, alizifunga zote mbili kabla ya chakula cha mchana akajisifu kwa kasi yake. Alichofanya ni kuchomeka kipokezi cha kibodi ya huku, kile kidude kidogo kinachonasa herufi zake, kwenye kompyuta ya kule, na cha kule huku. Sasa, katibu muhtasi wetu anapiga chapa huku macho yakiwa kwenye daftari lake, hatazami skrini. Bwana stoo naye anapiga kwa vidole viwili, macho kwenye herufi, naye hatazami skrini. Asubuhi katibu alikuwa ameanza barua ya kumwalika mwenyekiti wa bodi. Mchana akaimalizia, akachapa nakala, akaitia kwenye bahasha. Mwenyekiti alipokea barua iliyosema kwamba ofisi ina heshima kubwa ya kumkaribisha ndoo sita, mafagio manne yasiyo na mpini na sabuni ya mche kama itapatikana. Upande wa pili wa ukuta, bwana stoo aliinua kichwa kutoka kwenye orodha yake akakuta skrini inamwambia kwamba kila mtu atafurahi sana akifika yeye mwenyewe, saa nne kamili, ukumbi mkubwa. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa akiusubiri mwaliko wa namna hiyo kwa miaka kumi na minne.

Kesho yake alifika ukumbini amevaa suti. Zogo lilipozuka, katibu akilia kwamba kompyuta yake imeingiliwa na mafagio, Mama Plasta aliwaamini wote wawili. Alimwomba kila mmoja aandike jina lake mara moja, akatazama majina yanapotokea, akabadilisha vipokezi. Dakika mbili. Kisha akamwendea mkurugenzi kumwombea bwana stoo aruhusiwe kukaa mkutanoni, kwa kuwa mwaliko aliupata kweli. Akakaa, safu ya tatu, na alipiga makofi kuliko wote.

Fundi mgeni akatunukiwa Nishani ya Kipanya. Hapa nieleze desturi yetu, maana nje ya Chumba Namba Tisa haijulikani. Nyuma ya mlango wetu kuna msumari, na kwenye msumari kunaning'inia kipanya kibovu cha kompyuta chenye waya wake. Kila Ijumaa wakati wa chai, aliyefanya kosa kubwa kuliko wote wiki hiyo anainama, anavishwa kipanya shingoni, na anakivaa hadi mchana, hata akienda kwa mkurugenzi. Anayevisha ni fundi mgeni kuliko wote. Wiki ya kibodi, mgeni ilibidi ajivishe mwenyewe, na chai iliwapalia watu. Desturi hiyo aliianzisha Mama Plasta. Alisema kosa likishachekwa limekwisha, mwenye nalo asilibebe kwenda nalo nyumbani.

Katika miaka yote hiyo yeye mwenyewe alivishwa kipanya mara moja tu.

Ilikuwa Jumatano, miaka kumi na tisa iliyopita. Fundi mgeni alikuwa bado katika miezi sita ya majaribio, wiki tatu zikiwa zimebaki. Nyumbani kwake kulikuwa na mtoto wa siku sita, wa kwanza, na Jumapili Mama Plasta alikuwa amekwenda kumtazama akiwa na blanketi na maneno ya kumtia moyo mzazi. Asubuhi hiyo ya Jumatano mgeni alihitaji kuingia chumba cha mitambo, ambako nyaya za jengo zima hukutana kwenye kisanduku chenye matundu mengi kiitwacho swichi. Ufunguo una daftari lake. Aliyeuchukua na kusaini alikuwa Mama Plasta. Akampa mgeni aingie peke yake, kwa kuwa yeye alikuwa ameitwa kaunta.

Mgeni alichomeka waya mpya wa kijani kwenye swichi ili ajaribu kitu, ncha ya pili akaiacha ikining'inia. Simu ikaita, akatoka. Aliporudi baada ya nusu saa alikuta waya wa kijani unaning'inia, na kwa kuwa usiku mtoto hakuwa amemwachia hata saa mbili za usingizi, alisahau kwamba ni wake. Alidhani umechomoka. Kwa moyo safi kabisa akausukuma kwenye tundu lililokuwa wazi chini yake, akafunga mlango, akaenda zake akiwa ameridhika kwamba ameacha chumba nadhifu.

Kwa wasio mafundi: waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ileile ni kama mashangazi wawili waliopigiana simu. Kila neno linalotoka huku linaingia kule, linarudishwa, linatumwa tena, na hakuna mtu mwingine atakayepata nafasi ya kusema. Mashine za siku hizi zinajua kuwakata mashangazi hao. Za wakati ule hazikujua. Saa tatu asubuhi mtandao wa jengo zima ulikufa. Kaunta zote saba zikasimama. Foleni ikashuka ngazi, ikatoka uani, ikalizunguka jengo. Palikuwa na watu waliotoka mbali kwa ajili ya vyeti vya watoto wao, na mkurugenzi alikuwa na wageni.

Mama Plasta alikagua ghorofa baada ya ghorofa, akichomoa na kuchomeka, akiwaamini watu wote waliomwambia mambo yanayopingana. Saa nane mchana alirudi chumba cha mitambo, akakaa humo kama dakika kumi. Mtandao ukarudi. Akatoka akiwa ameshika waya wa kijani mkononi, ameukunja vizuri, na ilionekana wazi kwamba hauna plasta hata ncha moja. Hakuna waya wa Mama Plasta usio na plasta. Yeyote aliyewahi kufanya kazi naye siku mbili angejua pale pale kwamba ule haukuwa mkono wake.

Mkuu wa kitengo wa wakati ule, mzee mwenye sauti ya kengele ya shule, alikuja mbio na swali moja: ufunguo wa chumba hiki leo ulikuwa kwa nani?

Mama Plasta akajibu, “Ulikuwa kwangu.”

Ilikuwa kweli. Aliulizwa habari ya ufunguo akasema habari ya ufunguo. Mzee alielewa kwamba amekiri, akageuka kwenda kumwandikia mkurugenzi. Hakuna aliyeuliza nani aliingia. Fundi mgeni alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, amebeba boksi la vipuri. Alikuwa ameutambua waya. Mama Plasta alimtazama mara moja tu, wala hakumkazia macho, kisha akautia waya kwenye mfuko wa koti lake la kazi.

Hapa ndipo ninapovunja sharti la mhariri. Yule fundi mgeni ni mimi.

Sina cha kujitetea nacho. Boksi nililobeba halikuwa zito, na mdomo wangu ulikuwa mzima. Nilifikiria mtoto, nikafikiria wiki tatu zilizobaki, nikaona ni afadhali niseme kesho, mambo yakishapoa. Kesho yake nilifika na maneno yote yamejipanga, nikamkuta anacheka na watu kwenye korido, nikasema nitamwambia Ijumaa tukiwa peke yetu. Ijumaa ikafika, na Ijumaa ni siku ya kipanya.

Kitengo kizima kilipiga kura bila kuulizwa. Kwa mara ya kwanza Mama Plasta, mwenye desturi yake, atavaa nishani. Watu walileta hata keki. Na anayevisha, kama nilivyoeleza, ni fundi mgeni kuliko wote. Niliutoa waya wa kipanya kwenye msumari kwa mikono yangu. Yeye ni mrefu kunishinda, kwa hiyo aliinama. Nikamvisha. Wenzangu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti, ili nisionekane nisiyecheka. Asante ya punda ni mateke, na yangu aliipokea ameinamisha shingo.

Baada ya Ijumaa ile sikuwa tena na kosa moja la kukiri. Nilikuwa na mawili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Barua ya onyo iliwekwa kwenye faili lake Jumatatu. Miezi miwili baadaye yule mzee mwenye sauti ya kengele alistaafu, na nafasi ya mkuu wa kitengo ikatangazwa. Hapakuwa na mtu ofisini ambaye hakujua ni ya nani. Lakini sheria ni kwamba mwenye onyo haruhusiwi kuomba cheo kwa miezi kumi na miwili. Akaletwa mkuu kutoka nje. Huyo alikaa miaka saba, akaondoka, na wakati huo Mama Plasta alisema hana tena hamu ya vyeo, wamchukue mwenye damu inayochemka. Wakanichukua mimi. Nami nikapokea.

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikijaza fomu yake ya tathmini kila Desemba. Swali la tisa linauliza kama mtumishi amewahi kupewa onyo. Mara kumi na mbili, kwa kalamu yangu, nimeandika: Ndiyo, mara moja. Kisha ninampelekea asaini. Anasoma, anasaini, ananiuliza habari za nyumbani. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nimeishi naye chumba kimoja kwa miaka kumi na tisa, na bado nilikuwa nikimwambia Mama Plasta, mkuu wangu wa kweli, kwamba printa ya ghorofa ya pili imekwama tena.

Wiki mbili zilizopita tulianza kukabidhiana droo zake. Ya kwanza ilikuwa na bisibisi, ikiwemo ile ya cherehani. Ya pili ilikuwa na plasta, makasha kumi na manane, na sasa angalau tunajua zilikokuwa. Ya tatu, ya chini kabisa, ilikuwa na waya wa kijani.

Ulikuwa umekunjwa vilevile. Ncha ya kwanza ilikuwa na plasta iliyogeuka rangi ya chai, na juu yake kwa kalamu ya buluu imeandikwa: Chumba cha mitambo, na tarehe ya Jumatano ile. Ncha ya pili ilikuwa na plasta pia. Haikuandikwa kitu.

Mama Plasta hajawahi kuacha ncha ya pili bila jina. Nilikaa chini sakafuni pale kwenye droo, mtu mzima na kitambulisho cha mkuu wa kitengo shingoni, na nililia.

Nilikwenda kwenye meza yake na waya mkononi. Alikuwa akiandika orodha ya funguo. Nilisema kila kitu, na nadhani nilikisema kwa mpangilio mbaya, kwa sababu nilianzia kwenye fomu za Desemba. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuinua kalamu kwenye karatasi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

“Barua haikuniuma, mdogo wangu. Nilijibu mwenyewe, na nilijua ninachojibu. Mtu ana mtoto wa siku sita, wamfukuze aende wapi? Kilichoniuma ni kicheko chako. Wale wengine walikuwa hawajui. Wewe ulijua, na bado ulicheka.”

Nikaulaza waya juu ya meza yake. Akauliza yule mtoto ana umri gani sasa. Nikamwambia kumi na tisa, na ameshanishinda kwa urefu. Akatikisa kichwa kwa namna yake ile ya kukubali kwamba mashine imewaka ingawa haijulikani itawaka hadi lini. Akasema kila mwaka, fomu ilipokuja, alidhani mwaka huu nitaandika kitu kingine kwenye swali la tisa. Kisha akanipa kalamu yake ya buluu, akasogeza waya mbele yangu, akaendelea na orodha ya funguo. Niliandika jina langu kwenye ncha ya pili. Plasta ya miaka kumi na tisa haishiki wino vizuri, nikarudia mara tatu.

Siku hiyohiyo niliandikia ofisi ya utumishi kueleza ukweli na kuomba barua ile iondolewe kwenye faili lake na nyingine iandikwe kwenye langu. Nimejibiwa kwa adabu. Onyo haliondolewi ila na kamati ya nidhamu, kamati hukaa mara moja kila miezi mitatu, na kikao kijacho ni wiki mbili baada ya Mama Plasta kuondoka. Suala langu mimi litashughulikiwa, na lishughulikiwe. Lakini siku ya kustaafu kwake, faili lake litafungwa na onyo ndani. Nilichelewa kwa miaka kumi na tisa, kisha nikachelewa tena kwa wiki mbili.

Mafanikio yake mengine mtayasoma kwenye bango la ukumbini: nyaya mia nne na kumi na mbili, mafundi ishirini na watatu aliowafundisha, masijala moja iliyookolewa kwa pua. Ijumaa wakati wa chai, kabla ya hotuba, kipanya kitatolewa kwenye msumari kwa mara ya mwisho yeye akiwa kazini. Nitakivaa mimi. Nimemwomba anivishe yeye, ingawa si mgeni kuliko wote, naye amesema atafikiria. Akikubali, naomba wenzangu mcheke kwa nguvu zote, mlimalize kosa hilo kama alivyotufundisha. Yeye asipocheka, msimlaumu.

Mama Plasta, kwa niaba ya kitengo, kaunta zote saba, bwana stoo aliyekaa safu ya tatu, na wote uliowaamini tulipokuwa tukiwacheka, asante. Uende ukapumzike kwenye nyumba ambayo hakuna simu itakayoita kukuambia printa inalia. Bisibisi ya cherehani tumekufungia, ni yako. Afya iwe nawe, watu wako wawe nawe, na siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Mimi sikutakii tu maisha mema. Ninajua sehemu ya maisha mema niliyokunyima, na ninakuomba msamaha mbele ya watu, mahali nilipopaswa kusimama tangu siku ile.

Na wewe, karani wa masijala, uliyesikia harufu ya samaki sisi tukacheka: karatasi hii itakapokufikia, usiibane mwisho wa faili kama ilivyo desturi. Tafuta ile barua ya onyo, uibane hii juu yake, ili atakayefungua faili la Mama Plasta akutane na hii kwanza.